UZI: Tulivyompata bibi wa bibi yetu, binti wa Mbweni aliyeshushwa kwenye jahazi la watumwa miaka ya 1870 (rejista, picha ya zamani na nihimo, yaani ukoo wa Kimakua)

Wakuu salaam.

Kuna mjadala ulipita humu watu wakabishana kwamba mwanamke wa kwetu wa miaka ya 1800 huwezi kumpata kwenye maandishi hata ufanyeje, eti wanaume angalau wana kodi, wana ajira, wana majina ya ukoo, ila wanawake hawapo. Mimi nasema wapo, tena wengine wameandikwa mara tatu nne, shida ni kwamba kila mahali wameandikwa kwa jina jingine. Naomba niwaelezee sisi tulivyofanya kwa bibi wa bibi yangu mzaa mama, maana najua humu kuna watu wa Masasi, Newala, Lulindi, Unguja na hata Mombasa ambao wana habari inayofanana na hii wamekaa nayo tu ndani.

Nyumbani anaitwa Bibi Mbweni. Jina lake la ubatizo na la mume wake siyaweki hapa, ni ya familia. Ni mzaliwa wa kama 1868 hivi, na bibi yangu alimkuta akiwa hai, alikuwa mtoto wa miaka kumi wakati anazikwa, kwa hiyo mlolongo wa watu waliomwona kwa macho haujakatika kwetu. Wazee wa Masasi wanaposema "sisi tulitokea Unguja" vijana wengi wanadhani ni maringo, wanajua sisi ni watu wa bara kabisa. Hayo sio maringo, ni historia, na ina tarehe.

Iko hivi. Juni 1873 Sultan Barghash alisaini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini pale Unguja likafungwa. Biashara yenyewe haikufa. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja vibaya sana, Pemba haikuumia kiasi kile, kwa hiyo mashamba ya Pemba ndo yakawa na njaa ya watu wa kuchuma na kupalilia, na majahazi yakawa yanatoka pwani ya Kilwa na kwingineko yanapita usiku kuelekea huko. Waingereza waliweka manowari HMS London pale bandarini Unguja mpaka 1883, boti zake ndogo zikawa zinawinda hayo majahazi. Sasa watu wakikamatwa nao, hasa watoto, waligawiwa. Wengine walipewa UMCA, misheni ya Kianglikana pale Unguja, wengine mapadre wa Roho Mtakatifu Bagamoyo ambao walikuwa pale tangu 1868, wengine CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, kule Frere Town Mombasa iliyoanza 1875. Wakubwa wengi waliachwa mjini wajitafutie.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ukitaka kumtafuta bibi wa aina hii sio "alikuwa kabila gani", ni "aliangukia mikono ya nani". Na hilo jibu mara nyingi unalo tayari, ni kanisa ambalo familia yenu imesali toka zamani. Sisi ni Waanglikana wa Masasi mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo ni UMCA, na mtoto wa kike wa UMCA maana yake Mbweni. Shamba la Mbweni lilinunuliwa 1871, wavulana walikuwa Kiungani na wasichana Mbweni, na kuanzia 1877 shule ya wasichana ilikuwa chini ya mama mmoja Mwingereza, Caroline Thackeray, ambaye aliishi pale mpaka akafa 1926. Magofu ya ile shule yapo mpaka leo, ukienda utayaona.

Sasa majina. Hapa ndo watu wengi wanakwama alafu wanasema hakuna kitu. Msichana kama huyu alikuwa na jina alilopewa na mama yake. Akauzwa, wenye mali wakampa jina lao, ndo yale majina kama Faida, Bahati, Zafarani. Akafika misheni akabatizwa, akapewa jina la Kizungu. Akaolewa akawa mke wa mwalimu fulani. Akazaa akawa mama fulani. Ukiingia kwenye rejista na jina moja tu ulilosikia kwa bibi yako utatoka mikono mitupu, sio kwamba hayupo, ni kwamba pale ulipofungua wakati huo alikuwa haitwi hivyo.

Sisi tulianza mwisho tukarudi nyuma. Ubatizo wa watoto wake kwanza, hao majina tunayo, na kwenye ubatizo wa mtoto wanaandikwa wazazi wote wawili na wadhamini. Hapo ndo tukapata jina lake la ubatizo lilivyokuwa linaandikwa kweli, sio lilivyokuwa linatamkwa na wazee, maana miaka mia moja ya kutamkwa Kimakua na Kiswahili jina la Kiingereza linageuka kabisa. Kutoka hapo tukatafuta ndoa. Nikaenda Unguja kwenye nyaraka za serikali pale Kilimani, makaratasi mengi ya UMCA yako pale, na watu wa pale wana uvumilivu mkubwa sana nawashukuru. Ndoa ilikuwa 1887. Bwana harusi mwalimu aliyesoma Kiungani, bibi harusi wa Mbweni.

Wakuu, ameweka sahihi yake mwenyewe. Sio dole gumba wala alama ya msalaba. Ameandika jina lake kwa wino, herufi zimesimama wima, ya mwisho imevutwa kidogo chini. Mtoto aliyetolewa chini ya sitaha ya jahazi akiwa na miaka kama minane, miaka kumi na kidogo baadaye anaandika jina lake kwenye kitabu. Nilikaa pale muda mrefu sana, hata sikumbuki nilifunga saa ngapi.

———

Naendelea, nilikuwa kwenye daladala.

Kuna mdau kauliza hapo juu: "Mkuu kwa nini hukuanzia kwenye makanisa ya Masasi kwenyewe wakati ndo nyumbani?"

Swali zuri. Masasi ilianzishwa 1876, Askofu Steere wa UMCA alitoka Unguja na kundi la watu walioachiwa huru, nia ilikuwa kuwarudisha kuelekea Nyasa walikotoka wengi wao, wakafika Masasi wakaona nchi nzuri wakabaki. Septemba 1882 Wangoni, enzi hizo walikuwa wanaitwa Magwangwara, wakaivamia, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa. Ikajengwa upya. Ikaja Maji Maji 1905 misheni ikachomwa. Ikaja vita ya 1914, Wajerumani wakawakamata wazungu wa UMCA kwa kuwa ni Waingereza na wakawakamata na mapadre na walimu Waafrika wengi, misheni zikabaki bila wenyewe. Sasa jiulize daftari gani la miaka ya 1880 lingepona hapo. Kilichopona ni kile kilichokuwa Unguja, na kile kilichotumwa Uingereza. Makaratasi ya UMCA ya huko yako Oxford, maktaba ya Bodleian, na kuna gazeti lao la Central Africa lilianza 1883 ambalo mtu asilidharau hata kidogo. Kule Uingereza parokia zilikuwa zinachangia mtoto mmoja mmoja wa Unguja kwa jina, kwa hiyo wamisionari walikuwa wanaandika barua kuwaeleza wafadhili huyu mtoto wenu anaendeleaje, kaolewa, kahamia kituo gani. Ndo maana mwanamke ambaye Masasi hana hata mstari mmoja unaweza kumkuta kwenye barua iliyosomwa kanisani Uingereza.

Haya tuje kwenye picha maana ndo wengi mnaisubiri.

Bibi mdogo wetu (mdogo wake bibi yangu, Mungu amweke) alikuwa nayo kwenye sanduku la bati, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Imebandikwa kwenye kadi ngumu, kama sentimita 11 kwa 16 na nusu, saizi ambayo studio za wakati ule zilikuwa zinaitoa sana. Chini imechapwa jina la studio, A. C. Gomes, Zanzibar. Sasa Gomes walikuwa Wagoa, walipiga picha Unguja miongo mingi, kwa hiyo jina la studio peke yake halikupi mwaka, linakupa mji tu. Mume kasimama na kanzu na kofia, yeye kakaa amevaa kanga, mtoto wa kiume wa miaka mitatu minne kasimama katikati ya magoti yake, na kulia kuna mwanamke mwingine kakaa ambaye ntamzungumzia baadaye.

Kuna ndugu yetu aliiona akasema hao hawawezi kuwa watu wa misheni, mbona hawajavaa Kizungu. Huyo anafikiria misheni nyingine. UMCA walikuwa hawapendi kabisa watu wao wavae suruali na gauni, walitaka mwalimu avae kanzu na mkewe avae kama wanawake wenzake. Ile kanzu na ile kanga ndo zinakubaliana na UMCA.

Mwaka tukaupata kwa mtoto. Ubatizo wa mtoto wa kwanza ni 1889, bibi mkubwa (mama wa bibi yangu) kazaliwa 1895 na kwenye picha hayupo wala dalili yake. Mtoto anaonekana wa miaka mitatu minne, basi tuko 1892 au 1893. Walikuwa wanafanya nini Unguja wakati kituo chao ni bara? Walimu walikuwa wanarudishwa Kiungani kusoma zaidi, na tukaangalia mume wake kweli miaka hiyo alikuwa masomoni. Kila kitu kikakaa. Nasisitiza hili: picha uiweke kati ya tarehe mbili unazozijua, usikisie kwa sura ya mtu wala kwa uchakavu wa karatasi.

Ushauri wa kushika picha yenyewe. Usiibandue kwenye kadi yake, huku nyuma ndo kwenye mali. Usipige tu na simu ukarudisha sandukuni, tafuta mtu mwenye skana nzuri askani mbele NA nyuma, kwa dpi 1200 kama inawezekana. Sisi nyuma ilionekana tupu kabisa, ila tulipoilaza mezani dirishani jioni mwanga ukaja kwa ubavu yakaonekana maandishi ya penseli yaliyofutika, jina la ubatizo la bibi na neno Chiwata. Chiwata ni kijiji cha misheni kule juu karibu na Masasi, na bibi mdogo kila siku alikuwa anasema walikaa Chiwata kabla ya vita, hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Na msichukue picha za kwenye postikadi mkasema huyu ndo bibi. Zile za "mwanamke wa Kiswahili", "mrembo wa Zanzibar" za kuanzia 1900 hivi zilikuwa za kuuzia wageni, dada mmoja utamkuta kwenye kadi tatu na kila moja imempa kabila lake. Ila kwa kulinganisha mavazi, viti, mapazia ya studio zinasaidia sana. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za 1860 mpaka 1960, na ziko mtandaoni bure. Kaa na watoto mziangalie.

———

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya nifungue uzi, na hapa naomba watu wa kusini mnisikilize vizuri.

Rejista ya Mbweni inasema kabila lake ni Nyasa. Imeandikwa wazi kabisa. Ndugu zetu wasomi wakafurahi, imeisha hiyo, sisi ni Wanyasa, kuna mmoja akaanza mpaka kupanga safari ya Likoma, kile kisiwa cha Ziwa Nyasa. Bibi mdogo tulipomwambia akakataa katakata. Akasema mama yake alimpa nihimo, na huyo mama yake alipewa na mama yake mzazi, ambaye ndo Bibi Mbweni, na nihimo ile ni ya Kimakua.

Kwa wasiojua, Wamakua nihimo unairithi kwa mama. Ni ukoo, ila unatembea kwa wanawake. Baba yako anaweza kuwa mtu wa popote, wewe nihimo yako ni ya mama yako, na watu wa nihimo moja ni ndugu hata kama hamjawahi kuonana, hamuoani, mnazikana. Sasa fikiria mtoto wa miaka minane ananyang'anywa kila kitu, jina, nguo, lugha inaanza kumtoka, anapewa majina mawili matatu mapya na watu wasiomjua. Hiyo nihimo hakuna aliyekuwa na haja ya kumnyang'anya, maana hakuna mfanyabiashara wala karani wala mmisionari aliyemuuliza. Akabaki nayo.

Bibi mdogo alisimulia hivi, na mama yangu amelisikia hilo hilo kwa bibi yangu kwa wakati tofauti: Bibi Mbweni alipoletwa Masasi na mume wake alikuwa mgeni kabisa, wanawake wa pale wakimwona mtu wa Unguja, mke wa mwalimu, Kiswahili kingi. Siku moja mtoni mama mmoja mtu mzima akamuuliza nihimo yake. Akaitaja. Yule mama akatua mtungi chini akamkumbatia akamwita mdogo wangu, na kuanzia hapo akawa na kwao.

Kwa nini basi rejista iseme Nyasa? Mimi naona hivi. Watoto walifika makumi kwa mara moja kutoka jahazi moja, wamechoka, wanaumwa, mkalimani mmoja na lugha tano, na "Nyasa" enzi hizo pale Unguja aliitwa karibu kila mtu aliyetoka upande wa ziwa. Anayeandika anaandika kundi. Mtoto hawezi kubishana. Rejista ni shahidi mzuri wa tarehe, wa ndoa, wa nani alikuwepo, kwenye hayo naiamini sana. Kwenye kabila la mtoto aliyeteremshwa jana kwenye jahazi siiamini zaidi ya wanawake watatu waliopokezana jambo moja kwa miaka mia.

Na picha ikaongea. Kwenye skani kubwa, katikati ya paji la uso wa Bibi Mbweni kuna alama imejikunja kama mwezi mchanga, ncha zimeangalia chini. Kwa macho ya kawaida unaweza kusema ni kivuli. Wamakua wa karne ile walijulikana kwa nembo ya mwezi kwenye paji la uso, wasafiri wengi wameiandika. Peke yake isingetosha, ukungu wa kioo unaweza kukudanganya, ila ikisimama pamoja na nihimo na ile habari ya mtoni mimi sina shaka tena.

———

Majibu kwa waliouliza, nimeyachanganya pamoja.

Dada aliyeuliza kuhusu familia ya Kiislamu ya Pemba ambayo bibi yao alikuwa suria: kwenu msianze na kanisa ni wazi, anzeni na mahakama. Amri ya 1897 ya Sultan Hamoud iliondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, lakini mtu alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake na mwenye mali akalipwa fidia, kwa hiyo kuna maandishi ya majina ya pande zote mbili. Masuria hawakuingizwa kwenye amri ile, wao mpaka 1909, kwa hiyo usipomuona kwenye 1897 usikate tamaa. Na tafuteni hati za wakfu na mirathi za ukoo wa yule bwana, maana mtoto wa suria ni mrithi halali kama wenzake na mama yake huenda ametajwa mahali. Na kama bibi yenu alikuwa mali ya Mhindi wa Unguja kabla ya hapo, balozi wa Waingereza Rigby aliwaachia huru maelfu ya watumwa wa Wahindi karibu na 1860 na orodha ziliandikwa.

Mkuu wa Mombasa: kama ni Frere Town au Rabai karatasi za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Na Rabai kuna jambo la Januari 1889, Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aliwalipia watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha misheni wakapewa hati za uhuru. Kuna familia bado zina zile hati, ulizeni wazee kabla hazijaliwa na mchwa. Wa Bagamoyo muanzie parokia pale pale, alafu nyumba ya mapadre wenyewe ina nyaraka zake Chevilly-Larue, Ufaransa.

Aliyeuliza kipimo cha DNA: kinaweza kukuonyesha binamu, na kwa ukoo wa kike kuna kile kinachofuata mama kwa mama ambacho ndo njia ile ile ya nihimo. Lakini hakikupi jina wala kijiji. Fedha hizo kwanza mpe mtu nauli akakae na wazee, kinasa sauti mkononi, na awaulize WANAWAKE. Sisi wanaume wa familia tulikuwa tunamtaja mwalimu tu, cheo chake, vituo vyake. Habari ya mtoni hakuna mjomba hata mmoja aliyekuwa anaijua.

Sasa nimalizie na yule mwanamke wa kulia kwenye picha. Ni mkubwa kidogo kwa Bibi Mbweni, mwembamba, kaweka mkono kwenye bega la mtoto, na kwenye skani ana pete kidole cha kati mkono wa kushoto. Rejista ya ubatizo wa yule mtoto inataja mdhamini wa kike ambaye naye ni wa Mbweni na mume wake naye alikuwa mwalimu, wakapelekwa upande wa Magila, Bonde, chini ya Usambara. Nadhani ni yeye. Walitoka pamoja Mbweni, inawezekana hata kwenye jahazi moja, wakaachana mmoja kusini mmoja kaskazini. Kama familia yako ni ya Muheza, Magila, Korogwe, Waanglikana wa zamani, na mna bibi aliyesemwa katoka Unguja, tafadhali niandikie inbox nikutumie picha umwangalie. Na kama mna kadi ya Gomes ndani yenye watu wanne, angalieni nyuma yake kwa mwanga wa ubavu, maana studio ilikuwa inatoa nakala zaidi ya moja na mimi naamini ya pili aliondoka nayo yeye.